Kupiga picha za treni Tanzania na Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayepiga picha za treni kwa kupenda tu, si kwa ajira. Mengi yanahusu Tanzania kwa sababu ndiko ninakozunguka zaidi. Kenya nayo ipo, maana reli za zamani za nchi hizi mbili zilikuwa mali ya shirika moja la Afrika Mashariki hadi 1977, na mpenda treni wa Voi na wa Tabora wanasumbuliwa na mambo yaleyale.

Treni ina nini cha kupiga picha?

Chukua Dar es Salaam peke yake. Mji mmoja una reli za upana wa aina tatu: reli ya kati ya zamani yenye milimita 1,000, TAZARA, ile ya kwenda Zambia, yenye 1,067, na SGR, reli mpya ya kisasa, yenye 1,435. Kila moja ina vichwa vyake, mabehewa yake, sauti yake na namna yake ya kukaa kwenye mandhari. Ya kwanza ilianza kujengwa na Wajerumani 1905, ya pili ilijengwa kwa mkopo wa China kati ya 1970 na 1975, na ya tatu imeanza kubeba abiria Juni 2024. Unaweza kuzipiga zote tatu kwa nauli ya daladala. Wapo watu wanaopanda ndege kutoka Ulaya kuja kuona hiki tunachokipita kila siku huku tunatazama simu.

Sheria inaniruhusu?

Jibu la haraka: ukiwa mahali pa umma, nje ya eneo la reli, kwa kawaida hakuna atakayekusumbua. Ndani ya stesheni, karakana, bandari na kwenye madaraja makubwa, omba ruhusa kwanza.

Jibu refu ni kwamba reli ni miundombinu nyeti. Tanzania ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, na Kenya ina Sheria ya Maeneo Yaliyolindwa, Sura ya 204. Zote mbili zinagusa sehemu zilizotangazwa kuwa za ulinzi, na mlinzi wa daraja hatakaa kukufafanulia kifungu. Akisema usipige, usipige. Akitaka ufute picha, zungumza naye kwa adabu na uombe kuonana na mkubwa wake. Kubishana kando ya reli hakujawahi kumpa mtu picha nzuri.

Kama unatengeneza tangazo, filamu au video ya mteja, hiyo ni biashara na ina vibali vyake: Bodi ya Filamu kwa Tanzania, Tume ya Filamu kwa Kenya, pamoja na ruhusa ya shirika la reli lenyewe. Usijifiche nyuma ya maneno "ni hobi tu" wakati una taa mbili na mtu wa vipodozi.

Stesheni nimwone nani, na nimwambie nini?

Stesheni masta. Kwenye stesheni ndogo za reli ya zamani ndiye mwenye nyumba, na mara nyingi ni mtu mzima aliyekaa kazini muda mrefu, kwa hiyo anza na shikamoo. Kisha sema kitu kamili, usiseme "naomba kupiga picha" ukaishia hapo. Kwa mfano: "Shikamoo mzee. Mimi napenda sana treni. Naomba kupiga picha ile ya mizigo inayokuja, nitasimama mwisho wa jukwaa, sitavuka reli." Anachotaka kujua ni utasimama wapi na kama utamletea matatizo. Ukimjibu kabla hajauliza, umeshamaliza nusu ya kazi. Kwa walinzi, "afande" inatosha. Kenya "mkubwa" inafungua milango mingi.

Ukipata ruhusa, rudi siku nyingine na picha moja iliyochapishwa umkabidhi. Hakuna kibali kinachozidi hicho.

Nisimame mbali kiasi gani?

Mbali kuliko unavyofikiri. Kwa reli ya zamani Tanzania, hifadhi ya reli ni mita 15 kila upande mjini na mita 30 vijijini. Ukikaa nje ya hapo uko salama na hujavamia eneo la mtu. Lenzi ya milimita 70 hadi 200 inatosha kabisa kwa umbali huo, na kwa kweli picha inakuwa nzuri zaidi kwa sababu mabehewa yanajipanga badala ya kichwa kuvimba na kumeza kila kitu.

SGR ya Tanzania ina hatari mbili ambazo waliozoea reli ya zamani hawakukua nazo. Kwanza, ni ya umeme, hivyo haingurumi kwa mbali. Kwa kilomita 160 kwa saa inakwenda mita 44 kila sekunde: urefu wa uwanja wa mpira unaisha kabla hujamaliza kusema "hiyo inakuja". Dereva akikuona hawezi kukusaidia, kwa kuwa kusimama kunahitaji karibu kilomita moja au zaidi. Pili, waya za juu zina volti 25,000, na umeme wa kiwango hicho hauhitaji uguse waya ili ukupate. Ukiwa juu ya daraja la kuvukia reli, usinyanyue fimbo ya selfi, stendi ya kamera wala mwavuli.

Na uzio wa SGR si wa kutoboa. Piga kwa juu kutoka kwenye vivuko rasmi, au rudi nyuma upande kilima.

Simu inatosha au ninunue kamera?

Inatosha kwa treni iliyosimama, kwa stesheni, kwa mandhari pana yenye treni ndogo ndani yake. Simu inashindwa treni ikija kwa kasi na mwanga ukiwa hafifu. Kama unatumia simu, usivute picha kwa vidole. Shika kidole kwenye skrini mahali treni itakapofika hadi fokasi ijifunge, kisha piga mfululizo.

Kama una fedha ya kitu kimoja, nunua lenzi ya kuvuta kabla ya kubadilisha kamera. Kamera iliyotumika ya miaka kumi iliyopita bado inapiga treni vizuri. Watu hupenda kuzungumzia vifaa kwa sababu ni rahisi kuliko kuamka saa kumi na moja alfajiri.

Niweke kasi gani ya shata?

Shata ni mlango wa mwanga ndani ya kamera, na kasi yake ni muda unaobaki wazi. Piga hesabu. Treni ya reli ya zamani ikienda kilomita 50 kwa saa inasogea karibu mita 14 kwa sekunde; kwa 1/500 ya sekunde itakuwa imesogea chini ya sentimita tatu, na ukiipiga kwa mshazari ikikujia, hutaona ukungu wowote. Mchongoko wa SGR, ile treni yenye pua iliyochongoka, ukiwa katika mwendo wake kamili husogea zaidi ya sentimita nne kwa 1/1000. Hapo panda hadi 1/2000, hasa ukiipiga ubavuni.

Ukitaka treni iwe kali na mandhari yafutike, fanya kinyume: shuka hadi 1/60 au 1/30, zungusha kiuno pamoja na kichwa cha treni, bonyeza huku bado unazunguka. Nyingi zitaharibika. Mabehewa ya mizigo ni mazoezi mazuri kwa hili kwa kuwa yako mengi na yanapita taratibu.

Jambo moja dogo linalowachanganya wengi: maandishi ya taa mbele ya treni za kisasa hukatika au kupotea kabisa shata ikiwa ya haraka, kwani taa zile huwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni. Kamera yako ni nzima. Jaribu 1/250 treni ikiwa imesimama.

Kwa nini picha zangu treni inatoka nyeusi usoni?

Kwa sababu ya jua, na hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Reli ya kati na SGR ya Dar hadi Dodoma kwa ujumla zinaelekea magharibi. Asubuhi jua liko mashariki, kwa hiyo treni inayotoka Dar inakwenda jua likiwa mgongoni kwake na uso wake uko kivulini. Hata ufanye nini utapata kichwa cheusi na anga nyeupe. Inayotoka Dodoma kuja Dar asubuhi ileile inalitazama jua, na uso wake unawaka. Jioni mambo yanageuka: subiri inayokwenda Dodoma. Reli ya Mombasa hadi Nairobi inakwenda kaskazini-magharibi, kwa hiyo asubuhi piga Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR ya Kenya, inayoshuka pwani, alasiri ile inayopanda Nairobi.

Halafu kuna upande wa kusimama. Wanaosoma mafunzo ya Ulaya huambiwa wasimame kusini mwa reli. Kwetu inategemea mwezi. Dar, kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ubavu wa treni unaoangaziwa ni wa kaskazini. Kuanzia hapo hadi Machi jingine, hamia kusini. Juni na Julai ndiyo miezi bora kabisa bara: jua la mchana pale Dodoma hukaa nyuzi 60 hivi juu ya upeo badala ya utosini, anga ni safi na vumbi halijazidi.

Kati ya saa nne na saa tisa mchana, hasa Februari, Machi na Oktoba, jua liko juu kabisa na magurudumu yote yanazama gizani. Muda huo kula, lala, au panda treni yenyewe.

Nianzie wapi Tanzania?

Dar, kwenye treni za mjini. Zile za reli ya zamani zilianza Oktoba 2012, na watu wakaziita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. TAZARA nayo ina yake ya kwenda Mwakanga. Hazikimbii na zimezungukwa na maisha: maduka, bodaboda, wanafunzi. Pale makutano ya TAZARA kuna daraja la Mfugale, na jengo la stesheni lenyewe, zege tupu la Kichina la miaka ya sabini, linastahili nusu siku. Kwa SGR, jiji lina sehemu ya reli iliyoinuliwa juu ya nguzo kwa zaidi ya kilomita mbili, hivyo treni unaipata ikiwa angani kati ya majengo.

Nje ya Dar, napenda Saranda kuliko sehemu nyingine yoyote ya reli ya kati. Hapo reli ya zamani, baada ya kuvuka tambarare ya Bahi, inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Treni nzito ya mizigo hupanda kwa kujikongoja, moshi wa dizeli umejaa, na mikunjo inaonyesha treni nzima kwa pamoja. Kilosa pana milima, mto Mkondoa na, kwa upande wa SGR, mahandaki. Mto huohuo ndio ulioing'oa reli ya zamani katika mafuriko makubwa ya mwishoni mwa 2009 na mapema 2010, kwa hiyo masika ukienda huko hakikisha kwanza kwamba treni zinapita.

TAZARA ni kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi, Zambia. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatoa jasho wajenzi: madaraja marefu, mahandaki, misitu inayoning'inia. Treni ni chache, na kusubiri siku nzima si ajabu. Kabla ya hapo reli inapita ndani ya hifadhi ya wanyama iliyokuwa Selous, ambayo sehemu yake sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Huko usishuke treni isimamapo ovyo, hata kama twiga amekaa vizuri.

Kigoma nenda kwa ajili ya jengo la stesheni. Reli ilifika huko 1914.

Na Kenya?

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. SGR inapita juu yake kwa daraja la zaidi ya kilomita sita, sehemu ya njia ya kwenda Naivasha iliyofunguliwa Oktoba 2019. Ulipotangazwa mradi ule ulipingwa sana, na wapinzani wake walikuwa na hoja. Lakini picha ya treni juu, pundamilia chini na majengo ya jiji nyuma hakuna mahali pengine utakapoipata. Lipia kiingilio, baki ndani ya gari.

Tsavo ni rahisi, kwa kuwa barabara ya Nairobi kwenda Mombasa inakaa karibu na reli kwa muda mrefu, na udongo mwekundu hufanya karibu kila rangi ya treni ipendeze. Treni za abiria za reli ya zamani zipo pia, ile ya Nanyuki iliyorudishwa mwishoni mwa 2020 na za kitongoji jijini Nairobi. Kwa kipande cha juu cha njia ya Eldoret kule Timboroa, zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, beba koti.

Kwa nini unasisitiza mizigo wakati abiria ndiyo nzuri?

Nzuri kwa macho ya nani? Treni ya abiria ya SGR ni safi, imelingana mwanzo hadi mwisho. Ukiipiga vizuri mara moja, umeipiga. Ya mizigo kila siku ni nyingine. Shaba ya Zambia na Kongo inashuka TAZARA, mbolea inapanda. Reli ya kati inavuta makontena na mafuta kwenda bandari kavu ya Isaka na Mwanza. Kule Kenya utaona makontena yamepandana mawili kutoka bandari ya Mombasa kwenda Embakasi, Nairobi. SGR ya Tanzania nayo imeingia kwenye mizigo 2025.

Jaribu hili. Treni ya mizigo ya reli ya zamani ikiingia njia ya kupishana na kusimama, ukiwa na ruhusa ya stesheni masta, sahau kichwa na tazama ubavu wa mabehewa. Mafuta yaliyochuruzika kwenye matangi yameshika vumbi jekundu na kuganda. Kuna alama za chaki: namba, jina la stesheni, mshale, alama ya msalaba kwenye behewa lenye kasoro. Maungio yana grisi nyeusi na mng'ao mahali chuma kinaposugua chuma. Hewa ya breki inapumua. Mlinzi amejinyoosha kivulini chini ya kontena la rangi ya samawati. Hapo kuna picha nyingi kuliko kwenye kituo chochote kipya cha vioo.

Nitajuaje treni inapita saa ngapi?

Za abiria zina ratiba, na ratiba hubadilika, kwa hiyo angalia ya wiki hiyo. Za mizigo hazina ratiba ya kutangaziwa umma. Njia ni mbili: uliza stesheni, au jifunze tabia ya mahali. Kwenye reli ya njia moja, treni mbili haziwezi kukutana popote isipokuwa kwenye njia ya kupishana. Ukiona ya mizigo imeegeshwa kando na dereva amezima haraka zake, jua kuna nyingine inakuja upande wa pili. Wauza karanga na mahindi ya kuchoma wa kwenye jukwaa huwa wanajua kabla ya kila mtu.

Naweza kupiga nikiwa ndani ya treni?

Ndiyo. SGR madirisha hayafunguki. Bandika lenzi kwenye kioo, zima flashi, vaa nguo nyeusi ili usijione mwenyewe kwenye picha. Kichujio cha kuondoa mng'ao kitakuletea madoa ya rangi kwenye kioo kigumu, kiache mkobani. Ukishuka kutoka kwenye kiyoyozi na kuingia joto la Dar au Mombasa, lenzi itapata ukungu mara moja. Iache ndani ya mkoba uliofungwa dakika kumi au zaidi, usiifute futa.

Reli ya zamani madirisha hufunguka, na kwenye kona utapata treni yako yote inapinda mbele yako. Kamera ifungwe mkanda shingoni. Kichwa chako kibaki ndani: matawi na nguzo ziko karibu.

Usiku je?

Jioni yetu ni fupi. Anga ya buluu baada ya jua kuzama hudumu kama dakika ishirini tu, kwa hiyo fika ukiwa umeshajipanga. Baki ndani ya stesheni zenye taa na uombe ruhusa ya stendi ya kamera. Usimulike flashi treni inayokuja.

Droni?

Bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, hapana. Ukiwa nacho, bado kuna shirika la reli, kuna hifadhi za wanyama, na kuna waya za umeme. Sehemu nyingi kilima kinatosha.

Nataka kichwa cha mvuke. Bado vipo?

Nenda Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa 1971 karibu na stesheni kuu. Humo kuna Garratt mbili (aina ya vichwa vikubwa vya mvuke) za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya hamsini. Zilitengenezwa 34, kila moja tani 250 hivi, na hakuna vichwa vya mvuke vikubwa zaidi vilivyowahi kutembea kwenye reli ya mita moja. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hizi mbili ni Mount Gelai na Mount Shengena, na milima yote miwili iko Tanzania, kwa hiyo Mtanzania ukifika huko unakutana na wa nyumbani. Ziko nje, zimebanana. Beba lenzi pana na uende asubuhi.

Abiria wakitokea kwenye picha?

Umati wa mbali hauna neno. Sura ya mtu mmoja, muulize. Kenya ina sheria ya data binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, lakini hata bila sheria, mama aliyelala na mtoto kwenye behewa la daraja la tatu hakukuomba umweke mtandaoni. Ukikuta ajali, toa msaada au ondoka njiani. Majeruhi na marehemu si picha za treni.

Niandike nini chini ya picha?

Tarehe, mahali, treni inakotoka na inakokwenda, na namba ya kichwa. Namba ndiyo muhimu kuliko vyote, maana vichwa hupakwa rangi mpya, huhamishwa, huvuliwa vipuri na kutupwa nyuma ya karakana, na namba ndiyo inayomwezesha mtu kufuatilia historia yake. Weka faili halisi kwenye diski mbili. Picha iliyopita kwenye WhatsApp imeshakondeshwa.

Dereva akinipigia honi, ananisalimia au ananifukuza?

Fupi mbili pamoja na mkono dirishani, ni salamu, punga. Ndefu isiyokatika, umesogea mno: rudi nyuma kwanza, picha utaitazama baadaye.